Shajara ya mradi: barua pepe zinazokwama kati ya seva ya ndani na seva ya kutoa

Ramani ya njia

Seva ni mbili, zote Linux na Postfix, programu ya kusafirisha barua pepe. `ndani.example.com` (10.20.0.10) ndiyo yenye masanduku ya watumiaji, nao huiletea barua kwa poti 587. Haina ruhusa ya kutoka nje. Kila barua ya nje huikabidhi `toa.example.com`, inayoifikia kwa 10.30.0.25 kupitia handaki la VPN. Kwa walio nje, `toa` inaonekana kama 192.0.2.25. Barua zinazoingia zina seva yao nyingine, `mx.example.com` (192.0.2.10), isiyohusika na kazi hii, ingawa itajitokeza pasipotakiwa. Majina na anwani zote humu ni za mfano.

Malalamiko yaliyofungua mradi ni matatu: barua za nje haziendi, zile chache zinazokwenda hukataliwa au huangukia kwenye barua taka, na mshirika mmoja hapati kitu kabisa, wakati watumaji hawarudishiwi kosa lolote. Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halina kelele.

Siku ya 1: kusoma kabla ya kugusa

Tumeanza na `postqueue -p` na `qshape deferred` kwenye kila seva. Amri ya kwanza huorodhesha barua mojamoja. Ya pili huzipanga kwa kikoa cha mpokeaji na kwa umri, nayo ndiyo ya kutegemea foleni ikishakuwa ndefu. Kikoa kimoja kikijaa na vingine viko tupu, mtazame mpokeaji. Vikoa vyote vikijaa kwa pamoja, jitazame mwenyewe. `ndani` ina barua 318, vikoa vyote. `toa` ina 41, nyingi za wapokezi wawili watatu wakubwa.

Mstari wa kawaida kwenye logi ya `ndani`:

`delay=2113, delays=2083/0.02/30/0, dsn=4.4.1, status=deferred (connect to mx.example.com[192.0.2.10]:25: Connection timed out)`

Wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye mabano ya mwisho. Sehemu yenye faida ni `delays`, tarakimu nne zilizotengwa kwa mkwaju. Ya kwanza ni muda barua iliokaa kabla meneja wa foleni hajaichukua; ya pili, muda ndani ya meneja mwenyewe; ya tatu, muda wa kuunganisha, ukijumuisha DNS (kutafuta anwani ya jina), salamu na TLS (usimbaji wa njia); ya nne, muda wa kusafirisha barua yenyewe. Hapa ya tatu ni 30 kamili na ya nne ni sifuri. Sekunde 30 ndizo kikomo cha kawaida cha `smtp_connect_timeout`, kwa hiyo mlango haukufunguliwa kabisa. Kutafuta kosa kwenye cheti au nywila kungekuwa kupoteza siku.

Kufuatilia barua moja kutoka seva hadi seva: kamata namba yake ya foleni kwenye `ndani`, soma mstari wake wa mwisho, na ukiona `250 2.0.0 Ok: queued as ...`, namba iliyo baada ya maneno hayo ndiyo namba yake kwenye `toa`. Itafute huko. Mstari huo ni hati ya makabidhiano: ukiwepo, `ndani` imemaliza kazi yake.

Kinga zilizowekwa kabla ya mabadiliko yoyote:

`postconf -n` imehifadhiwa kwenye faili kwa kila seva. `maximal_queue_lifetime` na `bounce_queue_lifetime` zimepandishwa kutoka `5d` hadi `10d`, maana barua za mwanzo zilishatimiza siku tatu. `soft_bounce = yes` imewashwa pande zote mbili, ili kosa la 5xx (la kudumu; 4xx ni la muda) liahirishe barua badala ya kuirudisha. Kwenye `toa` tumeongeza `defer_transports = smtp`: inapokea kutoka `ndani` lakini haitoi kitu nje mpaka tuseme. Kwa majaribio tumenakili mstari wa `smtp unix` kwenye `master.cf` na kuuita `jaribio`, kisha kwenye `transport_maps` (ramani ya njia za vikoa) kikoa chetu kimoja cha majaribio kikaelekezwa `jaribio:`. Hivyo foleni imetulia na majaribio yanatoka.

Tahadhari kuhusu `soft_bounce`: haimkingi mtu na makosa ya njia. Barua ikipelekwa mahali pasipo pake na ikapokelewa, imekwenda.

Siku ya 2: mabano ya mraba

Swali la leo: kwa nini `ndani` inagonga mlango wa `mx`, wakati imeambiwa iende `toa`? Mpangilio ulikuwa `relayhost = toa.example.com`, bila mabano. Jina likiandikwa hivyo, Postfix hulitafutia kwanza rekodi ya MX, ile inayotaja seva ya kupokea barua za jina hilo. Kwa muda mrefu halikuwa na MX, basi Postfix iliangukia kwenye rekodi ya A (anwani ya IPv4 ya jina lenyewe) na kazi ikaenda. Kisha mtu akaongeza MX kwa jina la `toa` ili barua za `root@toa.example.com` zipokelewe na `mx`. Ni nia njema, na kwa DNS ni sahihi kabisa. Kuanzia hapo `ndani` ikaamini kwamba njia ya kutoka ni `mx`, ambako fayawoli haiiruhusu.

Thibitisho ni amri mbili: `dig +short MX toa.example.com` ilijibu `10 mx.example.com.`, na `postconf relayhost` ikaonyesha jina tupu. Tiba:

`relayhost = [toa.example.com]:587`

Mabano ya mraba yanasema: usitafute MX, nenda kwenye anwani ya jina hili. Sheria ni hiyohiyo ndani ya `transport_maps`.

Mara tu baada ya `postfix reload`, kosa likabadilika kuwa `Relay access denied`. Hili tulilitegemea. Faili la nywila, `sasl_passwd`, lilikuwa na ufunguo `toa.example.com`, na hati za Postfix zinataka ufunguo ufanane na thamani ya `relayhost` herufi kwa herufi, mabano na poti vikiwemo. Usipolingana, hailalamiki, inakwenda bila kujitambulisha, na `toa` inamkataa mgeni. Kwa mipangilio ya kawaida ya Postfix za sasa kukataliwa huko ni 454, lakini aliyeandika `reject_unauth_destination` atapata 554, na bila `soft_bounce` foleni nzima ya 318 ingerudi kwa wenyewe ndani ya dakika chache.

Kupima ufunguo bila kutuma barua:

`postmap -q '[toa.example.com]:587' hash:/etc/postfix/sasl_passwd`

Isipojibu kitu, Postfix nayo haitapata kitu. Kumbuka kuendesha `postmap` baada ya kuhariri, na angalia `postconf default_database_type` kwanza; usambazaji mpya wa Linux unaweza kuwa umehamia `lmdb`. Faili la nywila na lile la `.db` vyote viwe `chmod 600`.

Jaribio la mkono lilikuwa `openssl s_client -starttls smtp -crlf -connect toa.example.com:587`. Mtego wake wa zamani: mstari ukianza na herufi kubwa R, programu hiyo huuchukua kama amri yake ya kujadili upya TLS, kwa hiyo `RCPT TO` haifiki kwenye seva kamwe. Andika `rcpt to` kwa herufi ndogo, au ongeza `-quiet`. Watu wameshaandika ripoti ndefu za hitilafu ya seva kwa sababu ya herufi hiyo moja.

Siku ya 3: ndogo zinapita, zenye viambatisho zinakwama

Barua 296 zimehamia `toa` usiku. Zimebaki 22, zote kubwa:

`delay=792, delays=612/0.01/0.4/180, status=deferred (conversation with toa.example.com[10.30.0.25] timed out while sending message body)`

Tarakimu zimehama. Ya tatu sasa ni 0.4: kuunganisha, TLS na nywila vimepita vizuri. Ya nne ni 180, yaani kikomo cha `smtp_data_xfer_timeout`. Mazungumzo mafupi yanapita, mzigo unakwama. Picha hii karibu kila mara ni ukubwa wa paketi.

`ping -M do -s 1472 10.30.0.25` ilikaa kimya: hakuna jibu, hakuna hata kosa. `-s 1372` ikajibu. `-s 1373` kimya tena. Ongeza baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP (itifaki ya ping na ya taarifa za makosa ya mtandao), unapata 1400. Huo ndio upana wa handaki, ilhali intafesi ya `ndani` inasema 1500. Kwa kawaida ruta ya handaki ingemrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP aina ya 3 msimbo wa 4, kumwambia apunguze. Fayawoli ilizuia ICMP yote, ati kwa usalama. Paketi kubwa zikawa zinamezwa.

Kwa `tcpdump -ni eth0 'host 10.30.0.25 and port 587'` jambo linaonekana kwa macho: salamu inakwenda na kurudi, vipande vidogo vinathibitishwa, kisha kipande kimoja chenye `length 1448` kinatumwa, kinarudiwa, kinarudiwa tena, na kila mara pengo linazidi kurefuka. Ukiona urefu kama 2896 usishtuke: kadi ya mtandao ndiyo inayokata vipande baada ya tcpdump kuviona. `ethtool -K eth0 tso off gso off` kwa muda wa kipimo huondoa utata huo.

Tiba ni mbili, na tumeweka zote. Kwenye fayawoli, ICMP aina ya 3 msimbo wa 4 imeruhusiwa. Kwenye ruta ya handaki:

`iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --set-mss 1360`

1360, ukubwa wa juu wa mzigo wa kila paketi ya TCP, ni 1400 ukitoa 40 za vichwa vya IP na TCP. Asiye na mamlaka juu ya ruta anaweza kuweka `net.ipv4.tcp_mtu_probing = 1` kwenye seva yenyewe, ila hiyo ni fimbo ya kutembelea tu; mguu bado umevunjika. Zile 22 zimepita kwa chini ya dakika moja. Foleni ya `ndani` ni tupu.

Siku ya 4: kikoa kilichohama bila kuaga

Sasa yule mshirika asiyepata kitu. Kikoa chake, `mshirika.example.net`, kiliwahi kukaa kwenye seva hii kabla ya kuhamia kwa mtoa huduma mwingine. MX yake kwenye DNS ni sahihi. Lakini logi ya `ndani` inasema:

`to=<...@mshirika.example.net>, relay=ndani.example.com[private/dovecot-lmtp], delay=0.4, status=sent`

`status=sent`, na imetumwa kweli: kwenye sanduku la zamani, hapahapa. Kikoa kilikuwa bado kwenye `virtual_mailbox_domains`, na Postfix ikijua kikoa ni chake haiulizi DNS wala haiangalii `relayhost`. Ndiyo maana hakuna kosa popote na foleni haionyeshi kitu. Ukitafuta tatizo kwa kuangalia foleni peke yake, hili hutalipata hata ukikesha. Anayechunguza asome `relay=` ya barua zilizofanikiwa pia. Njia ya haraka ni `sendmail -bv anwani@kikoa`: haitumi kitu, inaleta ripoti ya njia ambayo barua ingepita.

Kuondoa kikoa ni mstari mmoja. Kazi ilikuwa kuokoa barua zilizokwisha kuangukia sandukuni tangu siku ya kuhama, na hapo mpangilio wa hatua una maana. Kwanza, kikoa kiondolewe na `sendmail -bv` ithibitishe kuwa njia sasa ni `toa`; ukianza kutuma upya kabla ya hapo, barua zinarudi sanduku lilelile. Pili, kwa kila faili ndani ya `new` na `cur` la Maildir, soma `Return-Path` upate mtumaji wa bahasha. Tatu, ondoa vichwa vya `Return-Path` na `Delivered-To`. Hiki cha mwisho ndicho hasa: seva inayopokea ikikuta `Delivered-To` yenye anwani ileile inayotaka kuifikishia, inaweza kuamua kwamba barua inazunguka na kuirudisha. Nne:

`sendmail -i -f mtumaji@example.com mpokeaji@mshirika.example.net < faili`

Ile `-i` si pambo. Bila hiyo, mstari wenye nukta peke yake katikati ya barua unahesabiwa kuwa mwisho wake, na mpokeaji anapata nusu. `-f` nayo inahakikisha barua ikirudi inarudi kwa aliyeiandika, si kwa `root`.

Vikoa vingine vinne kwenye orodha vimelinganishwa na MX zao. Vyote ni vya hapa kweli.

Siku ya 5: uso wa `toa` kwa walio nje

Zile barua 41 za mwanzo kwenye `toa` zilikuwa na sababu tatu tofauti.

Saba zilisema `Name service error ... type=MX: Host not found, try again`, ilhali `dig` kwenye seva hiyohiyo inajibu vizuri. Mchakato wa `smtp` unaishi ndani ya chroot (saraka iliyotengwa, isiyouruhusu kuona nje yake) na unasoma `/var/spool/postfix/etc/resolv.conf`, nakala iliyobaki na anwani ya seva ya DNS iliyozimwa. `diff` ya mafaili mawili imeonyesha hivyo. Nakala mpya, kisha `systemctl restart postfix`.

Kundi kubwa lilikataliwa kwa sababu ya anwani isiyo na jina la kinyume. Lakini `dig -x 192.0.2.25 +short` inajibu `toa.example.com.` bila shida. Ukisoma logi kwa makini, anwani iliyokataliwa si hiyo: ni ya IPv6. Mashine ilipewa IPv6 na mtandao, Postfix ina `inet_protocols = all`, na mpokeaji mwenye rekodi ya AAAA (anwani ya IPv6) akafikiwa kwa njia hiyo. Anwani hiyo haina PTR (rekodi ya jina la kinyume), wala haimo kwenye SPF, rekodi ya DNS inayotaja anwani zinazoruhusiwa kutoa barua za kikoa. Njia ni mbili: kuikamilisha IPv6 kwa PTR na `ip6:` kwenye SPF, au kutoitumia kutoa barua. Kwa sasa tumechagua ya pili, ndani ya `master.cf`, chini ya `smtp unix` peke yake:

`-o inet_protocols=ipv4`

`smtp_address_preference = ipv4` haitoshi, kwa kuwa ni upendeleo tu; IPv4 ikishindwa kwa muda, barua itajaribu IPv6 na kukataliwa kabisa.

Sababu ya tatu ilijificha nyuma ya hiyo. Jaribio la IPv4 limefika likiwa na `spf=fail`. `ip route get 198.51.100.7` imeonyesha `src 192.0.2.26`: mashine ina anwani mbili, na kernel inachagua ile ambayo SPF haiijui. Tumeongeza `-o smtp_bind_address=192.0.2.25` mahali palepale. Ukiiweka kwenye `main.cf`, inaathiri pia barua zinazopita kwa mteja wa `smtp` kwenda vichujio vya 127.0.0.1, na utajitengenezea tatizo jipya.

SPF yenyewe ilikuwa na `include` zilizopandana. Kikomo ni utafutaji 10 wa DNS. `Include`, `a`, `mx`, `ptr`, `exists` na `redirect` huhesabiwa, `ip4` na `ip6` hazihesabiwi. Tulikuwa na 9. Mbili za huduma zilizoachwa zamani zimeondolewa.

Siku ya 6: saini

Sasa DKIM, saini inayothibitisha kuwa barua haikubadilishwa njiani: `dkim=fail (body hash did not verify)`. `ndani` inasaini, kisha `toa` inaongeza tanbihi ya kisheria chini ya barua. Kilichosainiwa sicho kinachofika. Kusaini kumehamishiwa `toa`, baada ya tanbihi. Jaribio: `spf=pass dkim=pass dmarc=pass` (DMARC ni kanuni inayokagua matokeo ya SPF na DKIM).

Siku ya 7: kufungulia foleni

Barua zote za `toa` zimewekwa kizuizini kwa `postsuper -h ALL`, `defer_transports` imeondolewa, kisha makundi yameachiliwa kwa `postsuper -H` na kufuatiwa na `postqueue -f`. Kundi la kwanza barua tano, kila moja ya kikoa tofauti, logi ikiwa wazi.

`smtp_destination_rate_delay = 1s` imewekwa kwenye `toa`, si `ndani`. Postfix huhesabu kwa kituo kinachofuata. Kwa `ndani` vikoa vyote ni kituo kimoja, yaani `toa`, na ungeifunga seva nzima kwenye barua moja kwa sekunde.

Kulikuwa na wazo la kupitisha foleni yote kwa `postsuper -r ALL` ili zile zenye saini iliyoharibika zisainiwe upya. Haifanyi hivyo: barua zinazowekwa upya foleni kwa `-r` hazipiti kwenye milter, programu-jalizi inayoweka saini. Zimekwenda na saini mbovu, na DMARC imezipitisha kwa SPF, kwa kuwa inatosha mojawapo ikubalike na kikoa kilingane na cha `From`.

Mpokeaji mmoja amejibu 450 na kutaka tusubiri. Ni orodha ya kijivu: mtumaji mgeni huahirishwa kwanza, akirudi hupokelewa. Dakika chache baadaye akapokea. Hakuna la kufanya, ila kabla ya Siku ya 5, tukitoka leo na .25 kesho na .26, angetuanzisha upya kila mara.

Siku ya 9: kurudisha vipimo

`maximal_queue_lifetime` na `bounce_queue_lifetime` zimerudi `5d`. `rate_delay` imeondolewa, transport ya `jaribio` imebaki. Kwenye `toa` kuna barua sita: nne za wapokezi wenye sanduku lililojaa, 452 4.2.2, na mbili za 550 zilizokuwa zimeshikiliwa na `soft_bounce`. Ilipozimwa, hizo mbili zimerudi kwa watumaji katika jaribio lililofuata. Anwani zilikuwa zimekosewa tahajia tangu mwanzo.